Gumato Hakanyagi Nyayo

Ukiwa Garsen kompyuta ikakugomea, utaambiwa umtafute Gumato Jatani, na atakayekuelekeza atajisifu kana kwamba amemzaa yeye. Ana haki. Mimi pia hujisifu.

Binti huyu wa Kiorma alikua akimfuata babake, Mzee Jatani, kutafuta ng'ombe walioibwa. "Tembea kando ya nyayo," mzee alimwambia kila mara. "Ukikanyaga, umesaidia mwizi."

Mwaka jana rejesta ya chama cha wafugaji, ile inayoonyesha chapa ipi ni ya ng'ombe wa nani, ilitoweka kwenye kompyuta ya ofisi. Mwenyekiti, ambaye ni Mzee Jatani huyo huyo, akamnyooshea kidole karani wake, Abdia. Kikao kikaitishwa cha kumfukuza. Abdia alilia hadi sauti ikamkauka.

"Washa tuone," wanachama wakamwambia Gumato, aliyeitwa kuichunguza kompyuta.

"Hapana. Mkiwasha, mnakanyaga."

Alichomoa diski, akainakili yote, hata yaliyofutwa, kisha akaichunguza nakala kwa programu zake za bure.

"Za bure? Na wewe mtoto wa mwenyekiti?" Mzee Abduba, mjumbe asiyemezwa kirahisi, akamchokoza.

"Ndiyo maana natumia hizi, Mzee. Zimeandikwa wazi, mtu yeyote anaweza kukagua. Chukueni nakala, leteni fundi wenu atumie hizi hizi. Akipata jibu lingine, mimi mwongo."

Siku mbili baadaye rejesta ilikuwa imerudi, chapa kwa chapa. Kilichoifuta kilikuwa virusi. Lakini kompyuta hukumbuka kila flashi iliyochomekwa, na virusi viliingia na flashi ya Ijumaa alasiri, Abdia akiwa kijiji cha Wema kwenye chanjo ya ng'ombe. Jina la flashi: Harusi ya Sabdio. Gumato mwenyewe ndiye aliyeipa jina hilo, alipomwekea babake picha za harusi ya dadake. Mzee alikuwa ameizungusha mji mzima akionyesha picha, ikachomekwa kila mahali, hata ofisini.

Ilimuuma Gumato sana. Angeweza kusema ni virusi tu, akaishia hapo. Lakini alisimama kikaoni akaeleza yote, siku, saa na jina, huku akimtazama babake.

Mzee Jatani aliinuka polepole. Alimwomba Abdia msamaha mbele ya watu wote, kisha akawageukia wanachama, machozi yakimlengalenga.

"Mtoto huyu nilimfundisha asikanyage nyayo," alisema, kifua mbele. "Hata zangu hakukanyaga."