Shangazi alivyotafuta MALI akapata WALI kwenye maonyesho yetu ya herufi

Wakuu, habari za leo. Sogeeni mnisikilize kidogo, hasa nyie vijana wa design. Chumvi siongezi.

Miaka ya Ujamaa nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima Temeke. Mie na Method, rafiki yangu mchongaji, tulitengeneza herufi za mbao, kila herufi na kibao chake. Unazipanga kama mchezo, unapata neno. Siku hizi mngesema ni interactive.

Tukapewa wiki moja kwenye ukumbi wa sanaa wa umma. Tulitaka kuona watu wakizichezea, tujue zinakwama wapi kabla Method hajachonga za madarasa yote. Mbao haifutiki kama chaki.

Tukatandika meza shuka jeupe, tukapanga herufi, tukaweka kibao: "Karibu, gusa."

Ndiyo, tuliwaandikia wasiojua kusoma. Chekeni tu.

Hakugusa mtu. Wanaingia, mikono nyuma, wananong'ona, wanatoka. Siku ya pili msimamizi akatuambia kwa upole kwamba hali ikiwa hivi, kesho nafasi wanapewa wenye vinyago.

Jioni hiyo akapita shangazi yangu, ambaye kisomo alikuwa anakikwepa kwa haya. Akaitazama meza.

"Mwanangu, nani kafariki?"

"Kwa nini, shangazi?"

"Mmezilaza kwenye sanda, halafu mnataka watu wazichezee?"

Method alicheka mpaka akakaa. Tukaondoa meza, tukaazima mkeka wa mlinzi, tukamwaga herufi chini. Shangazi akavua kandambili, akaketi. Fundi cherehani mmoja aliyekuwa anachungulia mlangoni naye akaketi. Mkeka hauhitaji kibao.

Shangazi akataka kuandika "mali". Nikamwonyesha herufi zake, akazipanga mwenyewe. Fundi akasoma.

"Mama, umetafuta mali umepata wali."

"Basi lete mchuzi," akamjibu.

M ilikuwa kichwa chini. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Method akachukua patasi, akachonga mstari chini ya kila herufi, ijulikane inavyokaa.

Kesho yake watu walijaa mkekani, msimamizi akatuachia wiki yote. Shangazi naye akaanza kuja darasani kwangu.

Nilichojifunza: watu hawakuikataa kazi yetu, sisi ndio tuliiweka mbali nao. Aliyewahi kukutana na ishu kama hii atupe kisa chake hapa chini.

Na wewe unayetengeneza kitu cha kuchezewa, kiweke chini, keti kando, nyamaza, tazama mikono yao.