Chakula Kilichopikwa Jana

Mimi nauza buti za kazi mjini Kahama. Buti zenye chuma puani, glovu, helmeti, reflekta, na taa za kufunga kichwani. Wateja wangu wa mwanzo walikuwa wachimbaji wadogo waliopita kuelekea Geita, vijana waliokuwa wakishuka kwenye maduara, yaani mashimo yao ya dhahabu, na ndala miguuni. Nilianza na meza moja sokoni. Sasa nina fremu ya duka mtaa wa Nyahanga, na kibao chake kinasomeka vizuri kutoka ng'ambo ya barabara. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mimi si mpishi. Napika nyumbani kwangu kama watu wengine wanavyopika, na hakuna aliyewahi kuusifia wali wangu.

Umoja wetu wa wafanyabiashara ulipotaka kuandaa jukwaa la kutukutanisha na kampuni zinazofanya kazi migodini, nilikuwa miongoni mwa waliounga mkono haraka. Kampuni hizo zina watu wengi wa kuvalisha, na kwa muda mrefu zilikuwa zikiagiza hata glovu kutoka Mwanza na Dar es Salaam. Mzigo unapita mbele ya milango yetu, umefunikwa turubai, na sisi tunauangalia. Nilichokuwa nakitaka ni kidogo sana. Nilitaka ofisa manunuzi mmoja aishike buti yangu mkononi, aikunje soli, aone mwenyewe.

Kwenye kikao cha kugawana kazi nilikuwa mwanamke peke yangu. Mwenzangu, anayeuza mabati, alikuwa amesafiri. Mwenyekiti wetu ana malori ya kubeba mawe ya dhahabu kutoka machimboni kwenda kwenye karasha za kuyasaga, na ni mtu wa kupanga mambo haraka. Akagawa kazi kulingana na biashara ya mtu. Mwenye duka la vifaa vya umeme akapewa spika na maiki. Mwenye duka la vifaa vya ofisi akapewa vitambulisho vya wageni. Mwenye gari za abiria akaambiwa ashughulikie usafiri. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama, wewe utatusaidia upande wa chakula."

"Kwa nini mimi, mwenyekiti?"

"Mambo ya jikoni tukimpa mwanaume atatuaibisha."

Wakacheka. Nikasubiri wamalize, kisha nikamwonyesha kwa kidole mjumbe aliyekaa kando yake, mwanaume mwenye mgahawa karibu na stendi, watu wanapanga foleni kwake mchana.

"Huyu si ndiye anayepika kila siku?"

"Huyu atakuwa meza kuu," mwenyekiti akajibu. "Ataongoza mazungumzo."

Mwenye mgahawa akatazama simu yake.

Nilikubali. Wapo wanaonilaumu kwa hilo, lakini wao hawakuwepo. Ningekataa, lingezuka neno kwamba najiona, na jina langu lingeondoka kimya kimya kwenye orodha ya watakaojitambulisha mbele ya wageni. Nilishaona likitendeka kwa mwingine. Kwa hiyo nikasema sawa, nikarudi dukani kwangu, nikakaa kwenye stuli nyuma ya kaunta na hasira zangu. Mteja aliyekuwa akijaribisha buti aliniuliza kama naumwa.

Hasira zilipopoa kidogo nikaanza kupanga. Nikiwapa wali na nyama, nitashinda nyuma ya ukumbi nikichochea moto, na wageni watakuja na kuondoka bila kuniona. Chakula changu kilitakiwa kiwe kimekwisha kupikwa kabla jua la siku hiyo halijatoka. Kiwe cha kupangwa mezani na kufunikwa, mtu ajichukulie mwenyewe, nisihitajike hata kubeba sahani. Tena kiwe cha bei ndogo, maana fungu la chakula lilikuwa ni lile lililobaki baada ya ukumbi, maturubai, mshereheshaji na fulana zenye nembo ya umoja. Waliniambia nijibane. Fulana hazikuambiwa zijibane.

Nikaenda kwa jirani yangu, mama wa Kiislamu mwenye umri wa kunizaa, ambaye ukoo wao ulitokea Tabora na kabla ya hapo pwani. Kila Ramadhani hutuletea vitu vyake kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu.

"Sambusa usithubutu," akasema. "Zikilala zinalegea, na nyama itakumaliza. Kachori nazo kwa joto hili zitachacha."

"Nifanye nini basi, mama?"

"Visheti. Ukivipiga shira vizuri vikakauka, hata siku tatu vinakusubiri. Na kashata za karanga. Karanga si mnalima wenyewe?"

Tukakubaliana kwamba visheti na kashata atapika yeye, nimlipe kama mteja mwingine yeyote. Alitaka kukataa malipo, nikamwambia mimi pia ni mfanyabiashara. Mayai ya kuchemsha nikajipangia mwenyewe, na juisi ya ukwaju, kwa kuwa ukwaju huku hauna gharama na ukiuloweka mapema unazidi kukolea. Kilichobaki kilikuwa kitu cha kushibisha, na hapo nikampigia simu mama yangu Kishapu.

Mama ana matobolwa mwaka mzima. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu na vitamu kama vimetiwa sukari. Watoto wa Kisukuma tumekwenda shule tukivitafuna. Nikamwambia nataka gunia dogo, nitavichemsha tena kidogo na karanga vilainike, kisha vipoe.

"Wageni wa migodini watakula?" akauliza.

"Watakula, mayu." Mayu ndivyo tunavyomwita mama nyumbani.

Gunia likaja kwa basi siku iliyofuata, limeshonwa mdomo kwa kamba ya katani.

Mwenyekiti naye akapiga simu, akitaka kujua nimepanga baitingi gani, yaani vitafunwa vya wageni. Nikamtajia. Nilipofika kwenye matobolwa akanikatiza.

"Mama, hao ni watu wakubwa. Wengine wanatoka Dar. Utawapa viazi vya kuanika?"

"Mwenyekiti, si umekulia hivyo hivyo wewe?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Nikamuuliza kama kuna fedha nyingine ya kuongeza. Akasema hakuna. Nikamwambia basi tutakutana ukumbini, nikakata simu kabla sijasema la kujutia.

Siku yenyewe nilifika mapema. Nikapanga meza mbili ndefu ukutani: visheti kwenye masinia, kashata, mayai yaliyomenywa na chumvi yenye pilipili manga pembeni, matobolwa na karanga kwenye mabakuli makubwa, ndoo mbili za ukwaju zenye barafu. Nikafunika yote kwa vyandarua vyeupe vilivyopigwa pasi. Kisha nikaingia msalani, nikavua kanga, nikavaa gauni langu la bluu, nikatoka na mkoba wenye kadi zangu na buti moja ya mguu wa kushoto. Nilipendeza. Niliketi safu ya pili, mahali ambapo mtu akigeuka ananiona.

Wageni wakaanza kuingia. Mwenyekiti akaja kuinama sikioni mwangu.

"Chakula cha moto kiko wapi?"

"Hakuna cha moto. Kiko mezani, kimekamilika."

"Wageni wale vitu vya jana?"

"Vilipikwa jana makusudi. Vimepikwa ili leo visinisumbue."

"Nenda basi nyuma ukapashe hata hayo mayai."

Nimesikia mengi katika biashara. Nimetukanwa na madalali, nimeitwa mwizi na mtu niliyemuuzia kwa bei ya hasara. Lakini kuambiwa niinuke kwenye kiti changu, na gauni langu, nikapashe moto mayai ya kuchemsha, wakati watu niliowangoja muda wote huo ndio wanaketi, kuliniuma kuliko hayo yote. Nikamtazama usoni.

"Siendi, mwenyekiti."

Akasimama wima, akarekebisha koti, akaenda kunong'ona na mshereheshaji. Sikujua walisema nini mpaka zamu yangu ilipofika.

Ilikuwa hivi. Kila mwenye biashara alipewa maiki, akasema jina lake, anauza nini na duka lake liko wapi. Wakapita wa vifaa vya umeme, wa vifaa vya ofisi, wa malori, wa bima. Maiki ikaja safu yetu. Nikaweka mkono kwenye buti. Mshereheshaji akanipita, akamkabidhi maiki kijana wa matairi aliyekuwa kiti cha pili kutoka kwangu, akasema kwa furaha kabisa, "Na huyu hapa ni mama yetu wa chakula, tutamshukuru wakati wa mapumziko. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Hayo makofi ndiyo yaliyoniudhi, kwa kuwa waliopiga hawakuwa na ubaya wowote. Walitabasamu. Watu wa kampuni walitabasamu. Baada ya makofi kama hayo mtu anatakiwa ainamishe kichwa ashukuru, na kwa sekunde chache nilikaribia kuinamisha.

Nikasimama. Kijana wa matairi alikuwa ameshafungua mdomo.

"Samahani, mdogo wangu. Nisubiri kidogo."

Sikuwa na maiki, nikapaza sauti kama ninavyoita wateja siku za gulio.

"Chakula mnachokiona pale kilipikwa jana ili leo niweze kukaa humu pamoja nanyi. Mimi nauza vifaa vya usalama kazini. Duka langu liko Nyahanga. Hii ndiyo buti." Nikaiinua. "Anayetaka kuona soli yake anifuate baadaye."

Nikaketi. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Masikio yangu yalikuwa ya moto, na sikusikia hata neno moja la kijana wa matairi.

Wakati wa mapumziko watu walijihudumia bila shida yoyote. Visheti ndivyo vilivyowahi kuisha. Matobolwa wengine waliyaogopa, wengine walijaza vikombe na kutoka nje kutafuna. Mwenyekiti hakugusa kitu, alikunywa maji. Mwanaume mmoja wa kampuni inayolisha wafanyakazi kwenye kambi za Geita akanijia na kisheti mkononi.

"Mama, hivi ni vitamu mno. Unaweza kutupikia kambini?"

"Ulinisikia nilivyosema kule ndani?"

"Nilisikia. Ila upande wa buti tuna mtu wetu."

"Na mimi sipiki."

Alibaki ananitazama kana kwamba namfanyia utani. Nikatoa kalamu, nikamwandikia namba ya jirani yangu nyuma ya kadi yangu, nikamwambia huyo ndiye aliyepika, azungumze naye, na asije akamwomba bei ya chini kwa sababu ni mama mtu mzima. Naye kweli alimpigia. Leo jirani yangu anapeleka visheti Geita kila wiki na ameajiri wasichana. Nafurahi kwa ajili yake, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa matunda yangu ya jukwaa. Ni matunda yake.

Karibu na kufunga, dada mmoja kutoka idara ya manunuzi ya kampuni ya kuchoronga miamba alikuja akakaa kiti cha pembeni yangu. Hakunisifu kwa chochote. Alichukua ile buti, akaikunja, akagonga chuma cha puani kwa funguo zake, akauliza kama nina saizi ndogo kwa ajili ya wanawake wanaofanya kazi huko.

"Zipo," nikasema.

"Wote hutuambia hazipo."

Alikuja dukani baadaye akachukua jozi chache za kujaribu. Bado sijapata zabuni yenyewe. Ananiambia nisubiri, nasubiri.

Katika neno la kufunga, mwenyekiti aliwashukuru "akina mama wetu kwa chakula kizuri". Nilitazama huku na huku niwaone hao akina mama. Mwenye mgahawa aliyeongoza mazungumzo alishukuriwa kwa jina lake na jina la biashara yake.

Jioni hiyo mama alinipigia kutoka Kishapu kuuliza kama viazi vyake vililiwa. Nikamwambia vililiwa. Kisha akauliza, "Na buti zako je, walizitazama?" Tangu asubuhi hakuna mtu wa umoja wetu aliyeniuliza hivyo. Nilikaa kitandani na lile gauni la bluu nikamsimulia yote, na yeye akawa anaitikia tu, mhm, mhm, mpaka salio lake likaisha.

Jina la mama wa chakula likanibaki. Watu walianza kuingia dukani kwangu kuuliza visheti, wakiwa wamezungukwa na helmeti pande zote. Wengine nawaelekeza kwa jirani, wengine nawauliza wanavaa buti saizi gani.

Juzi umoja uliitisha kikao cha kupanga jukwaa jingine, la Shinyanga mjini. Mwenyekiti hakunitazama mimi. Alimgeukia mwenzangu wa mabati.

"Dada, wewe safari hii utatusaidia upande wa chakula."

Yule dada alikuwa ameshaambiwa habari zangu zote. Akafunga mkoba wake, akasema kwa upole kwamba yeye atasimamia mapokezi, pale mlangoni wageni wanapoingia. Mwenyekiti akanitazama. Nikasema mimi nitaongoza mazungumzo meza kuu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenye mgahawa alitazama simu yake tena, lakini sasa watu wote walikuwa wanamtazama yeye, naye akasema atafikiria.

Kikao kikaahirishwa. Mpaka naandika haya upande wa chakula bado hauna mtu, na mimi nimeshamwambia fundi anishonee gauni jingine.