Ndege wa Buluu Aliyekanwa Butiama

Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Butiama, enzi za Mwingereza, na hasira ninayoieleza hapa sijaitua mpaka leo.

Ualimu nilijifunza Bukoba, ng'ambo ya ziwa. Nyuma ya bweni letu kulikuwa na msitu, na humo waliishi ndege wadogo wa buluu wanaodaka nzi hewani. Kila wakitua hufunua mkia, ukatawanyika kama karata mkononi mwa mchezaji. Niliwazoea kama kuku wa nyumbani. Kwetu Mara, nchi ya mawe na migunga, sikuwahi kumwona hata mmoja.

Kwa hiyo siku nilipoteremka mtoni kufua nikamkuta kwenye mkuyu, akifunua mkia vilevile, niliacha shuka likachukuliwa na maji. Nilipanda mbio kumwita Sista.

Sista alikuwa Mzungu, mwalimu wa hesabu, na alikuwa rafiki yangu. Naliandika neno hilo kwa sababu lilikuwa kweli. Baada ya masomo tulikuwaga tunakwenda kutazama ndege, tukipokezana darubini yake. Alinifundisha majina yao ya Kiingereza, nami nikamfundisha ya kwetu, akiyatamka vibaya mpaka tukashika mbavu.

Siku ile alimtazama kwa darubini. Kisha akanishika mkono.

"Mwalimu, kitabu changu kinasema huyu hafiki huku."

"Basi kitabu kimechelewa," nikamwambia.

Jioni baada ya jioni tulirudi pale. Sista alichora: mgongo wa buluu, tumbo la kijivu, mkia uliofunuliwa. Tukagundua wako wawili, na jike ameatamia kiotani. Sista akamwandikia mtaalamu mmoja wa ndege, Nairobi.

Mtaalamu alikuja na gari lake, sanduku lenye pamba, na bunduki nyembamba. Tulimpa chai barazani.

"Bunduki ya nini, bwana?" nikamuuliza.

"Bila ngozi ya ndege mwenyewe hakuna ushahidi. Michoro ni michoro tu."

"Lakini jike ana mayai."

"Vizuri. Tutachukua wote wawili, na mayai."

Nilimgeukia Sista. Alikuwa anakoroga chai yake. Chai yenyewe haikuwa na sukari.

Tukateremka mtoni, mimi nyuma yao, damu ikinichemka. Wazee wetu humfukuza ndege akila ulezi, lakini huyu hakuwa amekula cha mtu. Bwana akainua bunduki kuelekea mkuyuni, nami nikapiga makofi na kupaza sauti kama tunavyofukuzaga ndege shambani: "Haaa! Haaa!" Risasi ikapasua majani. Kitu kidogo kikaruka, kikapotelea vivulini.

Bwana alinitazama kama anayetazama mbwa aliyemwaga maziwa. Halafu akamgeukia Sista. "Mimi sikumwona vizuri. Wewe una hakika ndiye?"

Sista akatazama viatu vyake.

"Labda tulikosea," akasema. "Mwalimu huyu alikuwa na homa wiki zile. Ndiye aliyesisitiza."

"Sista! Umemchora kwa mkono wako mwenyewe!"

"Nenda ukapumzike, Mwalimu."

Bunduki ningeisamehe. Yule bwana alikuja kuua, na alisema hivyo mbele yetu. Lakini Sista alimwona! Alishika darubini, akanishika mkono kwa furaha, na sasa ananisingizia homa ili mgeni asimwone mjinga.

Bwana akaondoka bila ndege na bila kuandika kitu. Kabla muhula haujaisha, Padre msimamizi wa shule akanihamishia Bunda kufundisha watoto wa darasa la kwanza. Mama yangu, aliyekuwa akiishi Bugwema, alishika kichwa.

"Umefukuzwa kwa ajili ya kandege kasikoshibisha hata paka?"

"Sikufukuzwa, mama. Nimehamishwa."

"Haya. Kahamishe na hasira zako."

Nilihama nazo. Huko Bunda nilikuwa siku moja katika duka la Mwarabu, ananipimia kitambaa, Sista akaingia. Alikuwa amekonda. Alinisalimu, nikaitikia kwa adabu ya kanisani.

"Makinda walitoka," akaninong'oneza. "Niliwaona wakiruka, wote wazima. Nilidhani utapenda kujua."

Moyo wangu uliruka, siwezi kukataa. Nikamuuliza, "Umeandika?"

"Kwa nani? Nilishasema tulikosea."

"Basi hakuna makinda, Sista. Ulikuwa na homa."

Machozi yakamjaa machoni. Nilitoka. Mwenye duka akaniita, "Mwalimu, kitambaa chako nimeshakikata!" Sikugeuka. Nilikwenda zangu juani, meno nimeyauma, na wala sikumhurumia.