Pirogi za mu Kadre

Leo ku fundi ya mbao nilisikia harufu ya verni ya kungarisha mbao, na kadre ya baba ikarudia mu macho: foto ya bahari ya Bulaya, rangi ya kupakaapakaa, pirogi mbili, mitumbwi ya bavuvi, mu mawimbi.

Nikikuwa mutoto, baba aliitundika ku kikuta, juu ya meza ya kula. Nkambo, mama yake, alitoka Kilwa, ile ya ku ziwa, kutuona. Kule kwao, pirogi zikikuwa ku maji, banamuke habakulake mpaka zirudie. Aliona kadre, akasukuma mbali sahani ya bukari, ugali yetu.

— Nkambo, njaa! nikalia.

— Kimya! Bale bantu bakizama, utasikia utamu gani?

Bukari ilikuwa inapoa. Mama akamushika mukono:

— Mama mukwe, muangalie muzuri. Banarudia.

Nkambo akaweka pua ku kioo.

— Kweli. Basi tukule.

Lakini kipande ya kwanza ya bukari aliiweka chini ya kadre, na samaki juu.

— Bakifika, batakuwa na njaa.