Mabenchi ya Chama cha Kuzikana

Nilipoacha kazi Dar es Salaam nikarudi nyumbani, kijijini juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, kuanzisha shule, walisema sitafika hata Pasaka. Shemeji yangu mwenye duka la pembejeo alinicheka mbele ya watu baada ya ibada: "Mwalimu, shule si kibanda cha chipsi. Huna mfadhili, huna mbunge, utaanzaje?" Mwingine akadakia, "Si ana stashahada? Atawakalisha watoto juu yake."

Stashahada ninayo, na sikusomeshwa na mtu. Nilibeba zege mjini, mtaa wa Sekei, nikajilipia ada, nikafundisha shule za watu mpaka nikawa mwalimu wa taaluma, kisha mkuu msaidizi. Nasema bila haya: kijijini kwetu sijamwona aliyepanda hivyo bila kushikwa mkono.

Lakini kuhusu mahali pa kukaa, yule mdakizi alinipata. Darasa niliezeka kwa mabati ya jirani, uji tulipika kwa sufuria la akina mama wa kanisa, na watoto walikalia mabenchi ya chama chetu cha kuzikana. Mwenyekiti wa chama, mzee mkulima wa kahawa, aliniazima kwa sharti moja.

"Akifa mtu, yanarudi siku hiyo hiyo. Marehemu hasubiri shule."

Tangu hapo niliishi kwa woga. Mtu akikohoa kanisani, nilimgeukia. Nikisikia bibi fulani amelazwa, niliulizia hali yake kila siku, na si kwa huruma. Usharika wetu hugonga kengele mtu anapofariki. Hata ilipogongwa kuita watu ibadani, nilihesabu mapigo.

Kisha ikaja taarifa kwamba wakaguzi watafika Alhamisi. Bila samani hakuna usajili, na bila usajili ningewarudisha watoto wote nyumbani. Siku chache kabla, nikaambiwa mwenyekiti yuko hoi kitandani. Nilikwenda kumwona, nimebeba maziwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kuniangalia mimi au mabenchi?"

Niliweka maziwa mezani. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Wanakuja lini hao watu wako?"

"Alhamisi, babu."

"Mbali kidogo," akasema, akafumba macho.

Alhamisi wakaguzi walikuwa darasani, mmoja akipima dirisha, kengele ilipolia. Pigo moja, kimya, pigo jingine. Ya msiba. Dirishani niliwaona vijana wa chama wakipandisha mkokoteni katikati ya migomba, nikajua yamekwisha. Ningewazuia kwa maneno gani, na sharti nililikubali mwenyewe?

Walifika kwenye mibuni ya mpakani mwa shule, wakasimama. Wakavua kofia, wakakaa kwenye nyasi.

"Wale ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Wazazi," nikasema.

Gari la wakaguzi lilipoondoka, ndipo vijana wakaingia. Mkubwa wao akanishika mkono. "Pole, mwalimu. Mzee ametutoka. Jana alituagiza: wakaguzi wakiwa shuleni, msiingie. Alisema marehemu huyu atasubiri."

Watoto walimaliza siku wamekaa chini. Mimi nilijitwisha benchi begani hadi nyumbani kwa mzee.

Usajili ulitoka. Madawati yetu wenyewe yalichukua miaka, na muda wote huo mabenchi yalikwenda msibani na kurudi, nami na hofu yangu. Siku madawati yalipotimia, nililipa kila aliyeniazima: jirani mabati mapya, akina mama sufuria kubwa kuliko lile la kwanza. Mabenchi ya chama niliyapiga msasa na vanishi, nikayapitisha makusudi mbele ya duka la shemeji. Alitoka mlangoni, akayatazama yote yakipita.

"Haya, mwalimu," akasema. "Pasaka imepita."

Jioni ile kengele ya usharika ililia, pigo moja moja. Nilisimama uani, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani, nikauliza ni nani amefariki.