Anko, Usitume

Nilipokuwa kijana, mwanangu, siku moja hapa Jeddah nilifanya kosa ambalo sijamaliza kulijutia. Tuliishi chumba kimoja mtaa wa Ruwais, mimi na mdogo wangu Wafula, sote madereva wa bosi mmoja. Nikasikia kwamba amemwambia bosi nachelewa kazini kwa sababu ya usingizi. Sikumuuliza. Nilirekodi sauti yangu yenye hasira nikaituma kwenye kikundi cha familia, nyumbani Kenya. Kufikia jioni mashangazi na wajomba walikuwa wameshatoa hukumu, watu ambao hata mlango wa chumba chetu hawakuujua.

"Si ungeniuliza tu?" Wafula aliniambia. "Kitanda changu kiko kando ya chako."

Akahamia Riyadh. Tukabaki watu wa kusalimiana sikukuu. Mwaka jana alifariki, nami nikaenda Riyadh kukunja mashati yake yarudi nyumbani. Kama kweli alinisema kwa bosi, sijui. Sitajua.

Siku hizi naendesha basi la shule. Juzi, tukingoja wanafunzi wakubwa watoke, Neema na Halima wa darasa la tano walianza kuvutana mikoba.

"Mama yako hufagia hospitali!" Halima alipiga kelele.

"Na wewe nani anakupenda?"

"Halas, basi! Kaeni!" nikawafokea, nikachukua simu nikarekodi ujumbe wa kutuma kwenye kikundi cha wazazi. Ndiyo, mwanangu. Kosa lile lile.

Zuhura wa darasa la saba akaja mbele. Yeye ni mmoja wa wanafunzi wachache ambao mwalimu wao amewafundisha kupatanisha wenzao.

"Anko, usitume. Tupe dakika kumi."

"Kwani wewe ni hakimu?"

"Hakimu anaamua, anko. Mimi nauliza tu."

Akawakalisha kiti cha nyuma. Kila mmoja alisema yake bila kukatizwa, kisha mwenzake akarudia alichosikia, mpaka msemaji akubali, "Eh, hivyo." Ndipo Halima akatoa la moyoni: yeye alimwalika Neema siku yake ya kuzaliwa, lakini Neema hakumwalika kwake.

"Hakuna aliyealikwa," Neema alijibu. "Sherehe haikufanyika, Mama alikuwa zamuni."

Halima akamgeukia. "Pole. Kumtaja mama yako, hapo nilikosea."

Neema hakucheka. Lakini aliondoa mkoba wake kitini, Halima akasogea.

Nami nikaufuta ule ujumbe.

Kwa hiyo shuleni wakikuita ujifunze kazi hii, nenda, wala usidhani ni mchezo wa watoto. Ukikosana na mtu, mfuate yeye kabla ya kuwafuata wengine. Ukiwapatanisha wenzako, usiwaamulie. Waulize, ngoja, waache wasikilizane hadi mwisho. Na aliyeumizwa usimlazimishe acheke. Sikusoma sana, lakini hili nimeliona kwa macho yangu na sina shaka nalo.

Mungu akupe subira ya kuuliza, na unaowapenda akuwekee karibu, kitanda kando ya kitanda, mpaka wakujibu.