Samadi Juu ya Kisima

Bwana shamba wetu alikuwa na kalamu tatu mfukoni, na sikuwahi kuona hata moja ikiandika. Aliletwa baada ya Mapinduzi, tulipokwisha kupewa eka zetu tatu tatu nje ya Chukwani, asimamie zizi la ng'ombe wa ushirika. Siku ya kwanza tu akaamuru samadi yote irundikwe kilimani kando ya njia, wakubwa wakipita na gari waione kazi. Chini ya kilima hicho ndipo kilipo kisima chetu.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa hapo, alimfuata kwa adabu. "Mwanangu, ardhi hii mawe matupu, yana matundu. Mvua ikinyesha uchafu wote utashuka kisimani."

"Bibi, mimi nimesomea," alimjibu, wala hakumtazama.

Paka hajasoma popote, na anajua kufukia mavi yake.

Masika ikaingia. Nikavuta ndoo, maji yakaja rangi ya chai, yananuka zizi. Mwanangu mdogo aliharisha hata nikawa namtegea sikio kifuani kama bado anapumua. Nilipomwendea bwana shamba alisema sisi wanawake hatuoshi ndoo.

Alipokuja tena kukagua, mama mkwe alimkaribisha barazani, akamtilia gilasi ya maji yale yale. "Karibu maji, mwanangu."

Akayanusa. "Nshakunywa, bibi."

"Umekunywa wapi, na kisima ni hiki kimoja?"

Akaiweka gilasi chini. Lakini mimi nilikwisha kuiona chupa kwenye kikapu cha baiskeli yake. Kumbe maji yake akija nayo kutoka mjini!

Hatukumngoja tena. Wanawake saba tulishika majembe na mapakacha, tukaihamisha samadi bondeni, mbali na kisima, juu ya udongo tulioushindilia. Tukaifunika makuti, tukachimba mtaro kuizunguka, kisha tukakikomba kisima hadi chini. Siku mbili nzima. Yeye alikaa kivulini akitutazama.

Wakubwa walipokuja, aliwaonyesha ule mtaro kwa kidole: "Huu mpango wangu." Wakampa mkono. Sisi tukapiga makofi, maana zama zile kutopiga makofi ilikuwa kesi.

Maji yalitakata baada ya mwezi, na mwanangu akapona. Bwana yule alipandishwa cheo, akapelekwa kaskazini. Niliwaonea huruma watu wa huko.